Neno "Utuombee" katika Mafundisho juu ya Watakatifu

Walimu wa dini wafanyao kazi katika nchi ya Warimi, ambao wengi huwaita Wanyaturu, wajua ya kuwa swali juu ya watakatifu haliulizwi darasani tu. Huulizwa msibani, huulizwa shambani mvua ikichelewa, huulizwa usiku mtoto akishikwa na homa. Huku Sepuka, katika wilaya ya Ikungi mkoani Singida, twalisikia kwa namna mbili. Wazee husema: "Mwalimu, mwatukataza kuwaita babu zetu waliokufa, nanyi kanisani mwawaita wafu wa nchi nyingine. Tofauti ni nini?" Nao jirani zetu Walutheri na Waislamu huuliza: "Kwa nini mwawaabudu wanadamu?"

Maswali haya yatoka pande mbili, lakini mzizi wake ni mmoja. Wote wawili wadhani ya kuwa kumwita mtakatifu ni kumwendea mwenye nguvu zake mwenyewe, ili atoe mema au azuie mabaya. Kama ndivyo ilivyo, wazee wana haki ya kutushangaa, na jirani zetu wana haki ya kutulaumu. Kumbe jibu limo katika neno moja ambalo Wakristo wetu hulitamka kila siku, nalo ni "utuombee". Katika makala hii twataka kulifungua neno hilo, kwa kuwa twaamini kwamba mwalimu alijuaye vema atafundisha habari za watakatifu bila hofu na bila kupotosha.

1. Neno lenyewe

Kilatini cha Kanisa husema "ora pro nobis", maneno matatu. Kiswahili kimeyakusanya katika neno moja. Tulikate vipande: u, ni wewe, tu, ni sisi, omb, ni shina la kuomba, e ya kwanza ni alama ya kauli ya kutendea, yaani kwa ajili ya mtu, na e ya mwisho ni alama ya kutaka au kusihi. Kazi yote ya mafundisho yetu imo katika ile e ya kwanza, ambayo sikio la haraka halisikii.

Tuchukue mfano wa nyumbani. Mtu akisema, "Namwomba jirani chumvi," wapo watu wawili: aombaye na aombwaye. Lakini akisema, "Mama amwombea mwanawe chumvi kwa jirani," wamekuwa watatu: mama ndiye aombaye, mwana ndiye aombewaye, na jirani ndiye aombwaye. Chumvi imo mikononi mwa jirani. Mama hana chumvi. Ana upendo, ana kinywa, na anajulikana katika nyumba ile.

Basi tumwambiapo mtakatifu "utuombee", twakiri kwa neno hilohilo ya kuwa neema haitoki kwake. Tungaliamini kwamba yeye ndiye mwenye kutoa, tungalisema "utupe". Sarufi yenyewe yatuonyesha wa tatu ambaye hakutajwa, naye ni Mungu, aombwaye na sisi na watakatifu pamoja.

Kutoka shina hilo Kiswahili kimepata majina mawili yasiyochanganywa. Mwombaji ni mtu aombaye, hata maskini wa njiani huitwa hivyo. Mwombezi ni yule amwombeaye mwingine. Vivyo hivyo maombi si maombezi. Tena ipo kauli ya kutendana: kuombeana. Mwalimu akitaka kueleza Ushirika wa Watakatifu, fungu lile la Kanuni ya Imani ambalo wanafunzi hulikariri bila kulielewa, asitafute mbali. Mungu huombwa; watakatifu huombwa watuombee; marehemu walio Toharani huombewa; nasi tulio hai huombeana. Shina moja la neno limelifunga Kanisa zima, lile la duniani, lile la mateso, na lile la utukufu. Kirimi, kwa kuwa ni lugha ya Kibantu, nacho kina kauli ya kutendea; kwa hiyo yafaa mwalimu awaulize wazee jinsi wasemavyo jambo hilo kwa lugha ya nyumbani, nao watalitambua upesi.

2. Mpango wa Litania

Litania ya Watakatifu huimbwa katika Kesha la Pasaka kabla ya kubariki maji ya ubatizo, na katika Daraja Takatifu wateule wakiwa wamelala kifudifudi mbele ya altare. Watu wetu huipenda kwa sababu ni wimbo wa kuitikiana, na kuitikiana ni desturi yao katika kazi na katika sherehe. Lakini kwa kuwa sauti ya wimbo haibadiliki sana, wengi hawaoni ya kuwa itikio limebadilika.

Mwanzoni, tukimwita Bwana, twaitikia "utuhurumie". Tukifika kwa Bikira Maria, malaika, mitume na mashahidi, twaitikia "utuombee". Kisha majina ya watakatifu yakiisha, twarudi kwa Bwana, na maombi ya kuokolewa na kusikilizwa yaelekezwa kwake peke yake. Kwa umbo, maneno yale mawili yafanana: yote mawili yaanza kwa u na tu. Kwa maana, yametengana kama mbingu na nchi. Hakuna mahali hata pamoja ambapo mtakatifu, awe Maria mwenyewe, aambiwa "utuhurumie" katika Litania hiyo. Mwalimu awaonyeshe wanafunzi jambo hili kwa vidole katika kitabu. Awaulize ni wapi itikio linapogeuka na kwa nini. Somo hilo moja laweza kuwafaa kuliko hotuba ndefu.

3. Ushuhuda wa Maandiko

Jirani zetu Walutheri hutukumbusha maneno ya Mtume Paulo kwa Timotheo, ya kuwa mpatanishi kati ya Mungu na wanadamu ni mmoja, Kristo Yesu. Twakubali kwa moyo wote. Lakini tusome sura hiyo ya pili tangu mstari wake wa kwanza. Kabla ya kusema habari za mpatanishi mmoja, Paulo aagiza Wakristo wawaombee watu wote, wafalme na wenye mamlaka pia. Hakuona kwamba kuombeana kwapunguza upatanishi wa Kristo. Yeye mwenyewe aliwasihi Warumi na Wathesalonike wamwombee.

Tena katika Agano la Kale Ibrahimu awaombea watu wa Sodoma, na Musa alisihi taifa lisiangamizwe kwa ajili ya ndama ya dhahabu. Hao walikuwa hai duniani. Je, kifo chafunga kinywa cha mpenzi wa Mungu? Kitabu cha pili cha Wamakabayo, sura ya 15, chasimulia ndoto ya Yuda, ambamo kuhani Onia na nabii Yeremia, wote wawili wamekwisha kufa, waonekana wakiwaombea Wayahudi na mji mtakatifu. Na katika Ufunuo, sura ya 5, wazee ishirini na wanne wanashika vyombo vya dhahabu vyenye uvumba, ambao ni sala za watakatifu. Hawaupokei uvumba kwa ajili yao wenyewe. Waupeleka mbele ya Mwana-Kondoo.

Hapa yatupasa tuonye juu ya mfano mmoja utumiwao sana. Wengine hufundisha hivi: "Huwezi kumwendea mtemi moja kwa moja, wapitia kwa mjumbe wake. Ndivyo tulivyo mbele ya Mungu." Mfano huo ni mwepesi kueleweka, lakini wamfanya Mungu kuwa mtemi wa mbali, asiyewajali watu wake mpaka ahimizwe. Bwana wetu alitufundisha kumwita Mungu Baba. Afadhali tutumie mfano wa ndugu wa nyumba moja: mtoto aweza kumwendea baba yake mwenyewe saa yoyote, hata hivyo humwambia kaka yake, "Nisaidie kumsihi baba." Hasemi hivyo kwa kuwa mlango umefungwa, bali kwa kuwa wao ni ndugu.

4. Kuabudu, kuheshimu, na neno "ibada"

Kanisa limetofautisha mambo haya tangu zamani. Mtaguso wa pili wa Nikea, mwaka 787, ulifundisha ya kuwa kuabudu ni haki ya Mungu peke yake, na heshima ipewayo sanamu yamfikia yule aliyechorwa ndani yake. Mtaguso wa Trento, mwezi wa Desemba mwaka 1563, ulisema kwamba ni vema na kwafaa kuwasihi watakatifu watuombee, ili tupate mema kutoka kwa Mungu kwa njia ya Mwanawe Yesu Kristo. Na Mtaguso wa pili wa Vatikano ulirudia mafundisho hayo mwaka 1964.

Katika Kiswahili tunayo maneno ya kutosha: kuabudu kwa Mungu, kuheshimu kwa watakatifu. Tatizo lipo katika neno "ibada". Neno hili na "kuabudu" yametoka katika shina moja la Kiarabu, lenye maana ya utumwa na utumishi. Kwa Mwislamu, ibada ni ya Mwenyezi Mungu tu. Lakini katika usemi wa Wakatoliki neno limepanuka, hata watu husema "ibada kwa Mama Maria" wakikusudia rozari na nyimbo za heshima. Mkatoliki aelewa, jirani asikiaye njiani ashtuka, na si ajabu. Twaona ni busara mwalimu aseme "heshima kwa watakatifu" anapofundisha mbele ya watu wote, asimpe mtu sababu ya kujikwaa.

Neno "mtakatifu" lenyewe latokana na kutakata, yaani kuwa safi na kung'aa. Twasema mbingu zimetakata mawingu yakiondoka. Mtakatifu basi ni mtu aliyetakata, ambaye mwanga wa Mungu wapita ndani yake bila kizuizi. Mwanga si wake.

5. Watakatifu na mizimu

Sasa tuwarudie wazee wetu. Warimi, kama watu wengi wa Afrika Mashariki, hawakuwasahau wafu wa ukoo. Waliamini kwamba marehemu bado ni wa nyumbani, na kwamba yafaa kuwaheshimu. Katika hayo mna mbegu njema, wala mwalimu asiyadharau. Kanisa lenyewe limejifunza kupima mambo haya polepole. Mwaka 1742 Roma ilikataza kabisa desturi za Wachina za kuwaheshimu wazee wao waliokufa. Mwaka 1939 iliruhusu zile ambazo ni heshima ya kiraia, zisizo na ibada ya miungu ndani yake.

Wala swali hili si geni katika Afrika. Mtakatifu Augustino, aliyezaliwa Tagaste, katika nchi iitwayo leo Aljeria, asimulia habari za mama yake Monika. Huko Afrika Monika alizoea kupeleka uji, mkate na divai kwenye makaburi ya mashahidi. Alipofika Milano alifanya vivyo hivyo, lakini bawabu akamzuia, kwa kuwa Askofu Ambrosi alikuwa amekataza: desturi ile ilifanana mno na karamu ambazo wapagani waliwafanyia wafu wao, tena iliwapa walevi nafasi. Monika hakunung'unika. Akaacha kupeleka chakula kaburini, akapeleka moyo wa sala, na kile alichokuwa nacho akawapa maskini. Mama huyu Mwafrika hakuacha kuwaheshimu mashahidi, aliacha kuwalisha.

Augustino mwenyewe aeleza sababu. Padre asimamaye altareni juu ya kaburi la shahidi hamtolei shahidi sadaka, bali Mungu wa shahidi. Ndivyo ilivyo kwetu hata leo: tarehe 3 Juni, Misa ya Mashahidi wa Uganda haitolewi kwao, yatolewa kwa Mungu, tukimshukuru kwa ushindi wao.

Tofauti basi twaweza kuzihesabu tatu. Kwanza, mtakatifu halishwi wala hatambikiwi. Hana njaa. Pili, mtakatifu halipizi kisasi. Waliooenda kutambika mara nyingi walikwenda kwa hofu, wakiambiwa na mpiga ramli kwamba ugonjwa umeletwa na mzimu uliosahauliwa. Mtakatifu aliyesahauliwa haleti ugonjwa. Katika Kiswahili mtu aweza "kumwombea mwenzake mabaya". Kwa mtakatifu sala ya namna hiyo haina pa kuingia, maana yeye apenda apendavyo Mungu. Tatu, mtakatifu haulizwi siri. Mfalme Sauli, alipomwendea mwanamke wa Endori ili amwite Samweli, hakutaka kuombewa. Alitaka kupiga ramli, na sheria ya Musa ilikuwa imekataza. Mkristo atakaye mtakatifu amwonyeshe mwizi wa ng'ombe wake ameifuata njia ya Sauli, hata akiwa ameshika rozari. Vilevile medali ivaliwayo kama hirizi imegeuzwa kuwa hirizi.

Ipo tena tofauti ya nne, nayo hugusa mioyo. Kwa desturi aliyeheshimiwa baada ya kufa alikuwa mzee mwenye watoto na wajukuu, na heshima yake haikuvuka mipaka ya ukoo. Tuwatazame Mashahidi wa Uganda. Mwaka 1882 mapadre waliwaacha waamini wachache wa Buganda, wakahamia Bukumbi, kusini mwa Ziwa Viktoria, wasirudi mpaka mwaka 1885. Katika miaka hiyo waamini wale walifundishana wao kwa wao. Kisha wakauawa, kati ya mwaka 1885 na 1887. Karoli Lwanga na wenzake wengi waliteketezwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Wakatoliki kati yao ni ishirini na wawili. Walitangazwa wenye heri mwaka 1920, na Papa Paulo wa Sita akawatangaza watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Kizito alikuwa kijana wa miaka kama kumi na minne, hakuoa, hakuacha mtoto. Leo wazee wenye mvi, Warimi na Wasukuma na Wagogo, wasio wa kabila lake wala wa lugha yake, humwambia kijana huyo, "utuombee." Ukoo umepanuka, umri umepinduliwa. Hapo mzee huona mwenyewe ya kuwa hili si tambiko la zamani lililobadilishwa jina.

6. Babu aliyekufa bila ubatizo

Limebaki swali lililo zito kuliko yote, na mwalimu asilikimbie. Mkristo huuliza: "Babu yangu alikuwa mtu mwema, alilea yatima, akafa kabla hajamsikia Kristo. Nimnyamazie?" Wapo wanaojibu kwa ukali, na mtu huyo huenda zake kimyakimya akamtambikia babu yake usiku, kwa kuwa hakuonyeshwa njia nyingine ya kumpenda.

Kanisa halisemi anyamaze. Mtaguso wa Vatikano ulifundisha, mwaka 1964, ya kuwa wale ambao bila kosa lao hawakuijua Injili, lakini walimtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na kufuata dhamiri kwa msaada wa neema, waweza kuupata wokovu wa milele. Na katika sala kuu za Misa padre hawataji waamini marehemu tu. Huwakumbuka pia wafu ambao imani yao Mungu peke yake aijua. Babu yumo humo. Basi mjukuu asimwambie "utuombee" katika Litania ya kanisa, kwa maana Kanisa halikumtangaza, lakini amwombee. Aombe Misa kwa ajili yake tarehe 2 Novemba, asafishe kaburi lake, awasimulie watoto wema wake, awape maskini kile ambacho kingemwagwa chini. Upendo uliotafuta njia ya tambiko umepata njia ya maombezi.

Utaratibu huohuo watufaa kwa watu mashuhuri. Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, aliyefariki tarehe 14 Oktoba 1999, aitwa Mtumishi wa Mungu, kwa maana shauri lake lilifunguliwa katika jimbo la Musoma mwaka 2005. Mtu kwa siri ya moyo wake aweza kumwomba amwombee. Lakini jina lake lisiingizwe katika litania ya hadharani kabla ya neno la Kanisa. Zamu hii yatukumbusha ya kuwa watakatifu hatuwafanyi sisi.

7. Maneno kwa walimu

Kwa walimu wenzetu wa vigangoni twatoa mashauri machache. Wafundisheni watoto kulikata neno "utuombee" vipande vyake kabla hawajajifunza orodha ya majina. Mkisimulia maisha ya mtakatifu, msikomee kwenye miujiza. Semeni alimpendaje Mungu, na jirani yake alifaidiwa nini. Mvua ikichelewa na watu wakitaka kufanya novena, wakumbusheni ya kuwa wanamwomba Mungu mvua, wakiwa na watakatifu kando yao. Mgonjwa akiombewa, asizuiwe kwenda hospitali. Na mzee akiuliza habari za babu zake, msimcheke wala msimkemee. Mketisheni, mwelezeni tofauti ya kuomba na kuombea. Lugha yake mwenyewe itawasaidia, kwa kuwa ilikuwa na kauli hiyo kabla ya sisi kuja na kitabu.